Mgonjwa wa Siku za Mwisho Lamu: Abaki Nyumbani, Alazwe Wodini, au Apelekwe Mombasa?

Daktari akishasema kwamba ugonjwa hauondoki tena, swali linalofuata katika nyumba nyingi za Lamu huulizwa usiku, barazani na kwenye simu za ndugu walio mbali: tumuweke wapi? Mmoja anataka mama abaki chumbani mwake. Mwingine anaona kumtoa hospitali ni sawa na kumtupa. Wa tatu ameshaanza kuchangisha nauli ya Mombasa. Wote wanampenda, na mara nyingi kila mmoja ana haki kwa upande wake.

Mimi ni muuguzi, na wagonjwa wa namna hii nimewahudumia wodini na majumbani. Ninawaandikia jamaa waliokwama kwenye swali hilo, na wauguzi wenzangu wanaoulizwa "Sista, wewe ungefanyaje?" Ninaowazungumzia ni wagonjwa wenye saratani iliyoenea, moyo uliochoka, ini lililoharibika, au uzee uliofika ukingoni. Mwenye malaria kali au nimonia, au aliyevunjika nyonga, bado ana tiba, naye apelekwe hospitali bila mjadala. Na kabla ya kuamua lolote, pateni kauli ya wazi ya daktari kuhusu ugonjwa wenyewe. Nimeona watu wakitayarishiwa kifo kwa maradhi ambayo dawa zake zilikuwepo.

Tunapima nini

Nina maswali matano, na huyauliza kwa mpangilio huu. Maumivu yatatulizwa wapi, hata saa nane za usiku? Mikono ya kumgeuza, kumsafisha na kukesha naye ni ya nani? Ataweza kuagana na watu wake na kufanyiwa ibada zake? Safari na gharama zikoje? Na la tano, ambalo husahaulika: watakaobaki watabaki na huzuni ya namna gani?

Maumivu nimeyaweka mwanzo kwa makusudi. Mtu anayeumia hasikii Yasini, hawezi kuusia, wala hawatambui wanawe. Kwa hiyo kabla sijalinganisha mahali na mahali, lazima niseme juu ya mofini.

Wengi wanaiogopa. "Wakishampa hiyo ndiyo basi," husema watu, kwa sababu wamezoea kuiona ikitolewa siku ya mwisho kabisa. Shirika la Afya Duniani lilitoa ngazi yake ya kutuliza maumivu ya saratani mwaka 1986: kuanzia dawa kama paracetamol, kupanda kwenye za kati kama codeine, hadi mofini maumivu yakiwa makali. Mofini ya maji hunywewa. Kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa nne, na dozi huanza ndogo ikapandishwa taratibu. Ikitolewa hivyo haiharakishi kifo. Siku za mwanzo humletea mgonjwa usingizi na kichefuchefu, kisha mwili huzoea. Jambo ambalo mwili hauzoei ni kufunga choo, kwa hiyo mofini iandikwe pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza; ikikosekana, ulizeni. Na isikatizwe ghafla. Uganda iliruhusu tangu mwaka 2004 wauguzi waliosomea huduma ya kuwatuliza wagonjwa wasiopona waandike mofini wenyewe, ili mgonjwa wa kijijini asimsubiri daktari wa mjini. Natamani tufike huko.

Kubaki nyumbani

Maumivu. Kwa wagonjwa wengi yanaweza kutulizwa nyumbani vizuri kama hospitalini, kwa sharti kwamba dawa iwe ndani kabla ya kuhitajika. Mtu mmoja ashike daftari: saa ngapi amepewa, kiasi gani, amelalaje. Udhaifu wa nyumbani ni ule usiku mmoja ambao maumivu yanapanda na hakuna wa kupiga sindano. Kabla ya kumtoa wodini, mwulizeni aliyemhudumia: yakizidi tumpigie nani, na dozi ya ziada ni ipi? Mkipewa jibu la kubabaisha, hamjawa tayari kutoka.

Mikono. Hapa ndipo nyumba nyingi hushindwa, na upendo haupungui hata kidogo. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili au karibu na hapo, la sivyo anatoka vidonda vya kulalia kiunoni na visiginoni. Msimvute kwa makwapa. Tandikeni leso au shuka iliyokunjwa chini yake, watu wawili, mmoja kila upande, mkunje ncha hadi karibu na mwili, halafu mnyanyue kwa pamoja. Nyumba zetu za mawe zina ngazi kali na vyoo mara nyingi viko chini. Mshusheni chumba cha chini mapema, angali anaweza kukaa kitini, maana kumpitisha kwenye kona ya ngazi akiwa amelegea ni kazi ya wanaume wanne na hofu tupu.

Kuna kazi nyingine ndogo ambayo jamaa hawaitarajii. Binti mmoja wa Mkomani alinisimamisha mlangoni na bakuli la uji mkononi.

"Sista, mamangu hali. Tangu jana anafumba mdomo. Si atakufa na njaa?"

Nikamwambia, "Hali kwa kuwa anaondoka, mwanangu. Haondoki kwa kuwa hali."

Tukaingia ndani. Nikachovya pamba safi kwenye maji, nikaikamua karibu yote, nikampitishia mama midomoni, ndani ya mashavu na juu ya ulimi uliokauka, kisha tone la mafuta ya nazi kwenye midomo iliyopasuka. Mama akainyonya ile pamba. Binti akaichukua mkononi mwangu na kuendelea mwenyewe, na sikuona tena bakuli la uji siku zile. Kumlazimisha chakula mtu ambaye mwili wake unafunga humpalia na kumtesa. Pamba yenye maji inamtosha.

Mikono hiyo, mara nyingi, ni ya mwanamke mmoja: binti asiyeolewa, au mkaza mwana. Hili nalisema kwa uchungu. Wanaume husimama barazani wakiwapokea wageni, na yeye hajalala tangu Ijumaa. Wekeni zamu na ziandikwe. Mtoto wa kiume anaweza kumkesha mamake, na anaweza kumuuguza babake kwa kila kitu.

Kuagana na ibada. Hapa nyumbani hapana mfano. Kitanda huelekezwa kibla bila kumwomba mtu ruhusa. Yasini husomwa, shahada hutamkwa polepole sikioni na mtu mmoja mwenye sauti ya upole, bila kumkariri mgonjwa kama mtoto wa chuoni. Usikivu huaminika kuwa katika hisia zinazodumu hadi karibu na mwisho, kwa hiyo hata akiwa hajibu, msemeni mema mbele yake. Kwa jirani zetu Wakristo, padri au mchungaji aitwe mapema, na wimbo aupendao uimbwe.

Cicely Saunders, aliyesomea uuguzi kabla ya udaktari na kuanzisha hospisi ya St Christopher's, nyumba ya kuwahudumia walio karibu na kufa, huko London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa hayako mwilini peke yake. Yamo pia moyoni, katika uhusiano wake na watu, na katika imani yake. Yeyote aliyekesha na mgonjwa Lamu anajua hivyo. Kuna mzee anayehangaika usiku kucha na dozi imepandishwa, hadi aitwe yule ndugu ambaye hawajasemezana miaka, watakane radhi. Kuna anayehangaishwa na deni la dukani. Ndiyo maana siungi mkono kumficha mgonjwa hali yake akiwa mwenyewe anauliza. Mkimwambia "utapona tu", mnamnyima nafasi ya kuusia na kulipa. Mnaweza kumjibu kwa swali: "Wewe mwenyewe waonaje?" Mara nyingi anajua kuliko nyinyi.

Safari na gharama. Nauli ni ndogo, lakini kuna pampasi za watu wazima, dawa, na siku za kazi zinazopotea. Akifia nyumbani, chifu au naibu wake huarifiwa ili kitolewe kibali cha mazishi. Barua za hospitali ziwekwe pamoja karibu, ili mauti ya ghafla yasizue maswali siku ya kuzika. Kwa walio Kizingitini, Siyu au Kiunga, muuguzi wa kuwazuru ni suala la boti na bahari, kwa hiyo mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwenu awe sehemu ya mpango tangu mwanzo.

Huzuni. Walioosha, waliolisha na waliokesha mara nyingi hupata utulivu fulani baadaye, kwa sababu mikono yao ilipata la kufanya. Lakini waliokuwa hawajaandaliwa hutishika. Pumzi hukatika, ikakaa, ikarudi. Kohozi hukoroma kooni, jambo linalowatesa wasikilizaji kuliko mgonjwa, mlazeni ubavu. Miguu hupoa na kuwa na mabaka. Muuguzi asiyewaeleza haya mapema anawaachia picha itakayowajia usiku kwa miaka.

Kulazwa wodini hapa hapa

Nina maana ya Hospitali ya Kaunti ya Lamu, ambayo wengi bado tunaiita King Fahd, au hospitali za Mpeketoni na Faza kwa walio karibu nazo.

Maumivu. Wodi ina sindano, oksijeni kwa anayekosa pumzi, mpira wa mkojo kwa aliyeziba, na mtu wa kuita usiku. Kwa kutapika kusikokoma, kutokwa na damu, degedege au kuchanganyikiwa kukali, mahali pake ni huku. Ulizeni tu, bila kuona haya, kama mofini ipo stoo wiki hii na ni nani mwenye mamlaka ya kuiandika usiku. Mgonjwa anaweza kuwa hatua chache kutoka kwa muuguzi na bado akalala na maumivu, ikiwa hakuna aliyeuliza.

Mikono. Inajua kazi, lakini ni michache. Muuguzi mmoja wa usiku ana wodi nzima, na akiitwa kwa mtoto aliyezidiwa, kumgeuza mzee wenu kutangoja. Jamaa mmoja awe karibu, naye afundishwe kunyanyua kwa leso na kusafisha kinywa vile vile kama wa nyumbani.

Kuagana na ibada. Kuna saa za kutazama wagonjwa, na kuna vitanda vya watu wengine. Hata hivyo mambo mengi hukataliwa kwa kuwa hayakuombwa. Ombeni kitanda cha pembeni, pazia, kigeuzwe kibla kama nafasi inaruhusu, na mtu mmoja akubaliwe kulala. Jambo jingine la kuzungumza na daktari mapema ni kukandamiza kifua moyo ukisimama. Kwa ugonjwa uliofika mwisho, kule kumfinya mtu kifua hakumrudishii uhai wa maana, na jamaa wengi wangeukataa kama wangeulizwa wakiwa wametulia badala ya wakati vilio vimeanza.

Safari na gharama. Kwa mwenyeji wa mjini ni mwendo wa machela kupitia mitaa ambayo gari haliingii. Kwa mtu wa Pate ni boti, na njia ya Mkanda hupitika vizuri maji yakijaa. Hakikisheni amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, na michango imelipwa kabla ya kulazwa, muulize kipi kinalipiwa na kipi ni cha mfukoni.

Huzuni. Kuna jamaa wanaopata amani kwa kusema "hatukumnyima tabibu". Wengine hubeba uchungu wa kuwa nje getini wakati roho inatoka. Wauguzi wenzangu, hapa tuna deni: dalili zikianza, tuwapigie simu mapema, hata kama ni alfajiri na hata kama tutakuwa tumekosea kwa nusu siku. Nasi pia tuna msiba wetu. Muuguzi aliyemwosha mgonjwa mwezi mzima kisha akatandika kitanda kwa mwingine ndani ya saa moja anahitaji mwenzake wa kumwambia "pole", na mkuu wa wodi anayeona hilo ni upuuzi atapoteza wauguzi wazuri.

Kumpeleka Mombasa

Maumivu. Kuna sababu nzuri za safari hii. Saratani iliyoingia mfupani inaweza kutulizwa na mionzi, wakati mwingine kwa kipindi kimoja tu. Maji yanayojaa tumboni au mapafuni yanaweza kuhitaji mtaalamu. Mombasa ina hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, na ina Coast Hospice, ambayo kazi yake ni huduma hii hii. Kwa hiyo nendeni kwa lengo linalotajika: mionzi, utaratibu fulani, ushauri wa dozi. Mkishindwa kulitaja lengo kwa sentensi moja, muulizeni daktari wa huku akawasiliane na wa kule kwa simu kwanza.

Safari na gharama. Hiki nakitanguliza kwa sababu ndicho kinachoamua. Mgonjwa hushushwa gatini, na maji yakiwa yametoka ngazi za chini huteleza. Hupokewa mkono kwa mkono hadi botini. Akivuka Mokowe, kuna barabara ya Hindi, Witu, Garsen, Malindi na Kilifi, zaidi ya kilomita 300. Ndege ya Manda ni ya haraka, lakini shirika linaweza kudai barua ya daktari au kumkataa mgonjwa aliyezidiwa. Dawa ya maumivu itolewe kabla ya kuondoka na nyingine ibebwe mkononi, isije ikawa chini ya mizigo. Wakati wa kusi bahari huchafuka, na mwenye mifupa iliyooza hujua kila wimbi. Malindi, ambako tayari mmeshavuka zaidi ya nusu ya njia, yafaa kufikiriwa kwa shida isiyohitaji mtaalamu wa Mombasa, hasa mkiwa na jamaa huko.

Mikono. Wanaofuatana naye huwa mmoja au wawili. Watalala wapi, watakula nini, nani atawapokea zamu? Familia yenye nyumba Mombasa na isiyokuwa nayo haziko katika hali moja hata kidogo.

Kuagana na ibada. Wengi wataaga kwa simu ya video. Akifia huko, mtachagua kati ya kuzika Mombasa siku ile ile na kumsafirisha maiti kwa barabara na boti. Waislamu wengi huchagua kuzika alikofia, na hilo ni jema kisheria. Ila zungumzeni kabla, asije mama aliyeusia kulala karibu na mumewe akazikwa pasipo mtu aliyekumbuka.

Huzuni. Safari iliyokuwa na lengo, hata isipofaulu, huacha mioyo imetua. Safari ya kukimbia neno "haiwezekani" mara nyingi huacha madeni, na siku za mwisho zilizotumika kwenye foleni.

Huzuni haianzi makaburini

Jamaa huanza kuomboleza tangu siku ya kuambiwa, na wengine humnunia mgonjwa au wakagombana wao kwa wao bila kujua ni majonzi. Mwaka 1969 Elisabeth Kübler-Ross aliandika juu ya hatua tano alizoziona kwa wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo: kukataa, hasira, kujadiliana, huzuni nzito na kukubali. Tusizigeuze kuwa ngazi ya kumpandisha kila mfiwa. Naona maelezo ya Margaret Stroebe na Henk Schut, ya mwaka 1999, yanafanana zaidi na ninayoyaona: mfiwa huenda na kurudi, leo analia, kesho anapanga ada za shule. Mjane aliye edani, katika miezi minne na siku kumi zake, akicheka asubuhi na kulia alasiri, hana kasoro. Lakini aliyepita miezi 6 na bado hawezi kula, kulala wala kufanya lolote kwa uchungu usiopungua, huyo apelekwe kwa mtaalamu. Hitima na matanga vimefanya kazi yao, na yeye anahitaji zaidi.

Kwa hali yenu

Kama maumivu yametulia, dawa ipo, na kuna watu wazima watatu au zaidi wa kushika zamu, nyumbani panafaa, na mgonjwa aliyeomba kubaki kitandani kwake asikilizwe.

Kama anayeuguza ni mmoja, au naye ni mzee, wodi ya karibu ni msaada wa haki wala si aibu. Anaweza kulazwa siku chache, maumivu yakawekwa sawa, jamaa wakafundishwa, kisha akarudi nyumbani. Mpango huu wa kuchanganya ndio ninaoupendekeza mara nyingi zaidi, na ndio usioulizwa.

Kama hamjapata uhakika wa ugonjwa, au kuna utaratibu mmoja unaoweza kumpunguzia mateso, nendeni Mombasa mapema, angali anaweza kukaa. Akiwa ameacha kula, analala muda mwingi, na pumzi imebadilika, msimpakie botini.

Kama mko Pate au Kiunga, amueni kwa kutazama maji na msimu. Kusi kukiwa kukali, chukueni dawa za kutosha wiki kadhaa kutoka hospitali, na namba ya muuguzi wa kupigia.

Kama ndugu hawakubaliani, muacheni mgonjwa aseme kwanza, akiwa na fahamu. Akiwa hawezi, mwiteni tabibu mmoja aseme mbele ya wote kwa pamoja, pamoja na yule wa mbali kwenye simu, ili lisiwepo la kusikia kwa fulani. Na yule anayelipa nauli asihesabiwe kauli yake kuliko ya anayekesha.